Kikopo Kilichojaa Pomoni

Mtaani walimwita Mama Vipande, na jina hilo hakulipata kwa kejeli. Ukimpelekea kitambaa cha gauni, siku ya kuchukua alikukabidhi gauni lako limepigwa pasi, halafu akakukabidhi mfuko mdogo wa vipande vilivyobaki: vya kwapani, vya shingoni, hata vile vyembamba ambavyo usingeweza kufungia kidole kilichojikata.

"Ni mali yako," alisema. "Ukitaka kuvitupa, vitupe mwenyewe."

Mafundi wenzake walishona foronya na mito kwa mabaki ya watu, na walimcheka. Yeye alikaa miaka ishirini na miwili kwenye ubaraza wa nyumba yake, mbele ya cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza kitambaa changu kingine kiko wapi.

Kiti chake kilikuwa kile cha shule cha mwanawe wa kwanza, kifupi kuliko meza ya cherehani, kwa hiyo alishona ameinama kama ndoano. Maji hakunywa ovyo. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, na kila ukiinuka, alisema, mshono unakusahau.

Watoto wawili wakubwa walikuwa wameshatoka, kila mmoja na mji wake. Alibaki na kitinda mimba, ambaye mpaka anafikisha miaka kumi na tisa nyumbani waliendelea kumwita Kitinda tu. Kitinda alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, safari ya siku nzima kutoka hapo, na alitakiwa kuondoka Jumapili. Chuo kilitaka sketi tatu za bluu. Mama Vipande alimaliza mbili kwa siku moja. Ya tatu ilimchukua wiki mbili. Pindo alilishona akalifumua, akalishona tena, akalifumua tena.

"Wifi," aliuliza dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya pili na aliyekuja kila siku kwa chai na umbea, "hiyo sketi unaishona au unaisomesha?"

"Pindo limekwenda upande."

"Pindo liko sawa. Aliyekwenda upande ni wewe. Mbona umeshika kiuno?"

Kweli alikuwa amekishika. Mgongo ulikuwa unamuuma chini, upande wa kulia, karibu mwezi sasa. Wifi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alhamisi asubuhi alimfunikia cherehani kwa shuka, akamvalisha mtandio, akamsukuma mpaka zahanati.

Daktari wa zamu alimsikiliza dakika mbili akamwandikia kipimo cha mkojo. Dirishani msichana alimpa kikopo cheupe chenye mfuniko mwekundu. "Choo kile pale, mama. Ukimaliza peleka maabara." Basi. Hakuna aliyemwambia neno jingine, naye hakuuliza, kwa kuwa aliona aibu kuuliza jambo ambalo hata mtoto mchanga analiweza.

Lakini mle chooni aliwaza. Watu wa maabara wameomba kitu chake wakipime. Sasa ukiwapa nusu, si umewapunja? Akakinga tangu tone la kwanza hadi la mwisho, na kikopo kikajaa pomoni, mpaka mfuniko haukukubali kukaa. Alikibeba korido nzima kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba mchuzi wa moto kwenye sahani bapa.

Fundi wa maabara, mzee aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, alimtazama, akatazama kikopo.

"Mama, niliomba sampuli. Umeniletea kisima!"

"Sikutaka kupunja, baba."

Mzee alicheka, akashika kikopo kwa kitambaa, akaingia nacho ndani.

Baada ya saa moja akapewa karatasi, aipeleke chumba namba nne. Foleni ilikuwa ya watu kumi na moja. Mama Vipande alikaa kwenye benchi, na kwa kuwa kusoma alikuwa anajua, ingawa aliishia darasa la saba, akaanza kusoma polepole, kidole chini ya mstari. Rangi: njano. Sukari: hakuna. Kisha akafika pale. *Chembe za usaha: 25–30.* Na chini yake: *Chembe za ngozi: nyingi.*

Usaha! Usaha aliujua. Aliwahi kumuuguza mama mkwe wake jipu la paja, akakamua kwa maji ya moto na chumvi siku tisa. Sasa thelathini, na ndani ya tumbo ambako mkono haufiki? Na ngozi nayo nyingi. Maana yake ni nini, kama si kwamba anabanduka kwa ndani, kama ukuta uliolowa mvua?

Hakungoja chumba namba nne. Alikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani, akarudi nyumbani na kuketi kwenye cherehani.

"Wamesemaje?" wifi aliuliza.

"Wamesema nipumzike."

"Hivyo ndivyo unavyopumzika? Mficha maradhi, wifi, kilio humfichua. Nyumbani nina vidonge vinne vya mwaka jana, vyekundu kwa vyeusi. Viliniponyesha mkojo ndani ya siku mbili."

"Kama vilikuponyesha, vimebakije?"

"Si niliacha nilipopata nafuu."

"Basi hayo ni mabaki. Warudishie wenyewe."

Wifi alicheka mpaka chai ikampalia. Mama Vipande hakucheka. Karatasi aliificha ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, akaapa kwamba Kitinda asiione mpaka basi liondoke. Alimjua binti yake. Mwaka ule baba yao alipougua, Kitinda alikuwa mdogo wa kufika kiunoni, na aligoma kwenda shule muhula mzima. Aliketi mlangoni mwa chumba cha mgonjwa kama mlinzi. Akisikia usaha, hataondoka.

Tena palikuwa na jambo jingine, ambalo Mama Vipande hakumwambia mtu. Ijumaa alipokuwa akifumua lile pindo kwa mara ya sita, wazo lilimjia, jepesi kama unyoya: kumbe karatasi nikiiacha tu hapa juu ya meza, mtoto atabaki. Sitasema neno. Atabaki mwenyewe. Wazo hilo lilimpa joto kifuani, na papo hapo likampa haya, kana kwamba amenaswa na mita mbili za kitambaa cha mteja chini ya kiti.

Jioni ile ile Kitinda alifungua droo akitafuta uzi wa bluu.

Mama yake alikuwa jikoni. Aliposikia kimya kirefu, alijua. Alipoingia ubarazani alimkuta binti amesimama, karatasi mkononi, na begi lililokuwa limefungwa tayari limefunguliwa, nguo ziko sakafuni.

"Hii ni ya lini, mama?"

"Ya juzi. Ya jana. Haina maana hiyo."

"Daktari alisemaje?"

"Sikumwona. Foleni ilikuwa ndefu."

"Mama! Wewe unayengoja saa tatu kwa ajili ya vifungo vya shati, umeshindwa kungoja daktari?" Alilisukuma begi kando. "Siendi. Nitawaandikia chuo. Nitakwenda mwakani."

Pale pale joto lile lile la kifuani lilirudi. Atabaki. Mama Vipande alilihisi likipanda, akalisukuma chini kwa nguvu zote. Alimtazama mtoto wake na ile karatasi mkononi mwake, akamwona tena yule wa mlangoni, wa kufika kiunoni.

"Kesho tutakwenda wote," alisema. "Tutasikia kwa mwenye kujua. Lakini hilo begi usilifumue zaidi. Anayefumua hapa nyumbani ni mimi."

Jumamosi walikuwa wa pili kwenye foleni. Wifi naye alikuja bila kualikwa, akakaa benchi la nje. Chumba namba nne kulikuwa na daktari mwanamke, mdogo kama binti yake wa kwanza, aliyesimama kumwamkia kabla ya kushika karatasi. Alimuuliza maswali mengi. Unapojisaidia, mkojo unachoma? Hapana. Unakwenda mara kwa mara? "Mara mbili kwa siku, mwanangu, nikijitahidi." Homa? Kutetemeka? Maumivu chini ya kitovu? Hapana, hapana, hapana. Mgongo tu.

"Sasa nikueleze," daktari alisema. "Hizi wanazoita chembe za usaha ni chembe nyeupe za damu. Kila mtu anazo. Kazi yake ni kukimbilia penye wadudu au penye kidonda. Kwenye mkojo tukihesabu mbili, tatu, mpaka tano, hatushtuki. Zikizidi tunauliza, zimetoka wapi? Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Lakini si kila mara. Namba peke yake haisemi ugonjwa."

"Na hizo thelathini zangu?"

"Hizo ningeziogopa zaidi kama si mstari wa chini." Aliweka kalamu kwenye *chembe za ngozi*. "Hizi ni za ngozi ya nje, za mwili wa kike. Zikiwa nyingi hivi, najua mkojo ulipita nje ukakusanya vya njiani. Na hizo nyeupe huenda zilikusanywa humo humo."

Mama Vipande alipitisha kidole chini ya mstari ule. Kisha akasema taratibu, "Kama suti nyeusi niliyoiweka kwenye meza yenye nyuzi za pamba. Mtu akiiona atadhani suti ndiyo inayochakaa."

"Hapo hapo, mama. Ulikinga vipi?"

Alieleza. Tangu tone la kwanza mpaka la mwisho, bila kupunja. Daktari alifunika mdomo kwa karatasi. Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Leo tutarudia. Kwanza unajisafisha kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha mkojo wa mwanzo unauacha uende chooni. Bila kukatisha, unakinga wa katikati, nusu kikopo inatosha. Wa mwisho unauacha."

"Yaani wa kwanza niutupe?"

"Utupe."

"Na wa mwisho?"

"Utupe pia."

Mama Vipande alimtazama kama aliyeambiwa akate mkono wa koti la bwana harusi.

"Daktari," Kitinda alisema akifuta machozi ya kicheko, "mama yangu hajawahi kutupa kipande tangu azaliwe."

Lakini mama mtu alikuwa ameinua kidole. "Ngoja. Nikishaitia cherehani mafuta, sianzi na nguo ya mtu. Napitisha kwanza kitambaa kibovu, mafuta yatoke, ndipo niweke nguo. Kumbe ndiyo hayo hayo!"

"Ndiyo hayo hayo."

"Si wangeniambia juzi!"

"Kweli, ilitupasa kukuambia. Utusamehe. Na kipimo hiki kikirudi kama kile, tutauotesha mkojo maabara siku mbili tatu, tujue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa gani. Usinywe kidonge cha mtu kabla."

"Umesikia, wifi?" Mama Vipande alipaza sauti kuelekea mlangoni.

"Sijasikia!" likajibu benchi la nje.

Safari hii alipeleka nusu kikopo, mfuniko umekaza. Mzee wa maabara aliinua miwani. "Kisima kimekauka?"

"Nimekupunja makusudi, baba. Nimeagizwa."

Saa ile ya kungoja ilikuwa ndefu kuliko wiki mbili za sketi. Wifi alisimulia magonjwa ya mtaa mzima hadi akaombwa anyamaze. Kitinda alishika mkono wa mama yake, na Mama Vipande, kwa kuwa hakuwa na sindano ya kushika, alihesabu mishono kwenye kola ya binti. Moyoni alikuwa anaomba jambo moja tu, na safari hii bila hila: karatasi iwe safi, mtoto aende.

*Chembe za usaha: 1–2. Chembe za ngozi: chache.*

Daktari alimgonga mgongo kwa ubapa wa mkono, akambonyeza huku na huku, akamwuliza anakaa wapi akishona. Alipoelezwa habari za kiti cha shule, alitikisa kichwa. "Mgongo wako unakilalamikia kiti, mama. Kiinue au kibadilishe. Na maji unywe, hata ukisahauliwa na mshono. Mkojo ukikaa sana ndani, siku moja hizo chembe zitakuja kweli. Ukichoma, ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo."

Alasiri ile Kitinda alirudisha nguo begini. Wifi alileta kiti chake cha chakula chenye mto, akasema ni cha kuazima, arudishiwe akifa. Mama Vipande alikikalia, akaona cherehani kwa mara ya kwanza kutoka juu. Akachukua sketi ya tatu. Pindo lilimchukua dakika kumi, na hakulifumua.

Jumapili asubuhi, begi likiwa mlangoni, alimkabidhi Kitinda mfuko mdogo uliofungwa kwa uzi.

"Nini hiki, mama?"

"Vipande vya sketi zako."

"Hata mimi?"

"Ni mali yako."

Kitinda aliufungua, akachagua kipande kimoja cha bluu, chembamba, akakibana kwenye kiganja cha mama yake. "Hiki nimekupa. Hakirudi." Kisha akamwekea chupa ya maji juu ya meza ya cherehani, akainua begi, akaenda upesi upesi, kabla ya mmoja wao kubadili nia.

Mama Vipande alisimama mpaka alipopinda kona. Halafu akaketi kwenye kiti kirefu, akafungua droo, akakitia kile kipande chini ya bobini, pale ilipokuwa karatasi.

"Wifi," alisema wifi, aliyekuwa keshaimimina chai yake, "miaka ishirini na miwili, na leo nimekuona kwa macho yangu umebaki na kitambaa cha mteja."

"Nimepewa," alijibu, akanywa maji, funda kubwa, akaanza kukanyaga.