Nilidanganya Kwamba Mashine Imechemka

Jamani, mimi ni mwongo! Acheni niseme leo, maana jambo hili nimelibeba vya kutosha.

Miaka ya sabini, reli ya Zambia ikiwa bado ngeni, nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja Iringa. Kijana, suruali pana, kichwani dansi tupu!

Jumamosi moja akaletwa mama mmoja wa Kilolo. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la nyanya pale Ilula. Nikampiga picha moja ya nyonga, kwa mbele.

Daktari akaitazama. "Sioni ufa, lakini picha ya mbele huficha mambo. Mpige nyingine mbili za mshazari, moja kutoka upande wa kichwani, moja kutoka miguuni."

Wenzangu walikuwa wakinisubiri nje twende dansini. Nikamjibu, "Mashine imechemka, daktari."

Mungu nisamehe! Ilikuwa baridi kabisa.

Mama akarudishwa nyumbani na vidonge, akaambiwa atembee tu. Mimi nikacheza mpaka asubuhi.

Mwaka uliofuata nikapata mchumba, mwalimu, mrembo kweli kweli. Nikaenda kwao Kilolo kuposa, pamoja na baba yangu mdogo. Mama mkwe akatoka, anachechemea na fimbo.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe.

Akanikazia macho. "Mashine yako imeshapoa, baba?"

Nilitamani ardhi inimeze! Akasimulia: maumivu hayakwisha, ndipo kaka yake, mfanyakazi wa reli, akampeleka Mbeya. Kule wakampiga picha za mshazari, na ufa ukaonekana, nyuma ya nyonga. Akalazwa kitandani msimu mzima wa kulima.

Nikapiga magoti. "Mama, haikuchemka. Nilikuwa nawahi dansi."

Baba mdogo akajifunika uso. Halafu mama akaangua kicheko, akajishika nyonga. "Usinichekeshe, panauma! Haya, binti utampata. Ila shamba langu limelala, na jembe lile pale."

Likizo yangu yote niliimaliza shambani kwake. Malengelenge, jamani! Mchumba alikuwa akiniletea togwa, ananicheka.

Tulioana. Lakini mama mkwe hakuinama tena shambani kama zamani, na hilo halinichekeshi.

Ninyi mnaopiga picha, daktari akitaka nyingine, pigeni! Na wewe mgonjwa, ukiambiwa picha ni safi huku nyonga bado inauma, usikubali kwenda nyumbani. Waambie wakutazame na upande mwingine.