Wimbo wa Kukamulia

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, mama alikunja kitenge cha mwisho, akakisukumia kwenye begi, akasema bila kunitazama, "Paka ni wako. Nenda kamwombe mwenyewe." Saa naikumbuka kwa sababu niliiangalia kwenye simu yake nikitafuta kisingizio cha giza. Giza lilikuwa bado mbali.

Kesho yake baada ya ibada tulikuwa tunaondoka wote Maretadu kwenda Masakta kwa baba mkubwa, tukae huko wiki nzima ya Krismasi. Wa kuombwa atutunzie paka alikuwa mama mwenye duka lililo mbele ya nyumba yetu. Yeye ni Mwislamu, Krismasi hana safari, na paka anawapenda. Yaani hakukuwa na sababu ya kuogopa. Lakini mimi niko kidato cha tatu na hadi leo nikitumwa dukani naandika kwenye karatasi, sukari nusu, kiberiti kimoja, naiweka mezani, kisha naangalia miguu yangu.

Paka wenyewe walikuwa wa bibi, mama yake baba, aliyefariki baada ya Pasaka. Zamani walikuwa watatu. Msimu wa kupanda wa mwaka jana mmoja alikula panya aliyekula sumu. Watu wa kwetu wakishapanda mahindi wanatega sumu shambani, maana panya wanafukua mbegu. Bibi alimzika paka wake nyuma ya jiko, akamwekea jiwe, na tangu siku ile ikawa sheria: kabla giza halijaingia, paka wote ndani ya jiko, mlango unafungwa. Na sisi tulikuwa tunaondoka wakati huo huo wa kupanda.

Shida ni kwamba ukiwaita hawaji. Wanakutazama kama umekosea nyumba. Walikuwa wanakuja kwa kitu kimoja tu. Bibi alikuwa akikamua huku anaimba. Si wimbo wa kanisani, hauna hata maneno. Ni mguno unaopanda, unashuka, unakaa hapo hapo kidogo, ili ng'ombe atulie ashushe maziwa. Paka wakiusikia walitoka popote walipo, wakakaa mstari mmoja kama watoto wa darasa la kwanza, na bibi akawarushia maziwa mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye chuchu. Mimi nilikuwa nashika kamba ya ndama. Mpaka sasa harufu ile ya maziwa ya moto na samadi inanijia nikiwa darasani, bila sababu yoyote, najifanya nimeangusha kalamu.

Bibi alipofariki, ng'ombe alikwenda kwa baba mkubwa kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza. Paka hawakuambiwa. Wiki nzima walikaa kwenye zizi tupu kila jioni, wanasubiri. Ndipo mimi nikaanza kuingia jikoni peke yangu, narudishia mlango, namimina maziwa ya kununua kwenye bakuli, naguna wimbo wa bibi kwa sauti ndogo sana. Wakaja. Nyumbani wote walidhani wanafuata harufu. Sikumwambia mtu. Msichana mzima, anakamua bila ng'ombe!

Basi nikaenda dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hee, leo umekuja na sauti? Mimi nilishazoea karatasi."

Nikampa karatasi. Alicheka mpaka akashika mzani. Zilikuwa kurasa mbili. Dagaa wasiwe na chumvi. Mweusi hapendi kushikwa mkia. Wa madoa anapenda kulala darini juu ya magunia. Mlango ufungwe kabla ya giza kwa sababu ya sumu, hilo nililipigia mistari miwili. Wimbo sikuuandika. Nilipofika hapo niliandika "waite," nikaweka nukta.

"Na unawaitaje?" akauliza.

Mdomo ulishafunguka, kweli. Lakini kulikuwa na wateja wawili wanasubiri mafuta ya kupikia, na mmoja alikuwa mwalimu. Nikasema, "Watakuja tu wakiona bakuli."

"Paka ni wajomba zangu hao. Nenda kale pilau yako."

Masakta nilimkuta ng'ombe wa bibi, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amekonda. Mama mkubwa alikuwa anamkamua kimya kimya huku anakwepa mateke. "Ng'ombe wa bibi yenu huyu mchoyo," alilalamika. "Tangu aje anabana maziwa, utafikiri anawawekea wageni." Nilimkuna nyuma ya sikio. Kuguna sikuguna. Watoto wa baba mkubwa walikuwa wamekaa juu ya uzio, na mkubwa wao, kaka mmoja mwenye maneno mengi, alishanipa jina tangu Jumapili: bubu wa Maretadu.

Jumanne, wakati wa kukamua jioni, simu ya mama ikalia. Pale kwa baba mkubwa mtandao unashika mlangoni kwa zizi tu, kwa hiyo wote tulikuwa hapo hapo. Mama akaniwekea simu sikioni.

"Mwanangu, siku ya tatu hii sijaona hata mkia," mama wa duka alisema. "Dagaa wanaliwa na mbwa, nimemkuta mwenyewe anajilamba. Na leo jirani wa bondeni ametega sumu, nimemwona na ndoo yake. Uliniambia watakuja wakiona bakuli."

Nikalifikiria lile jiwe nyuma ya jiko.

"Kuna wimbo," nikasema.

"Wimbo gani tena?"

"Wa bibi. Wa kukamulia. Weka spika, usimame mlangoni kwa jiko."

"Hivyo vyote umeviandika kurasa mbili, wimbo umeuacha? Haya, imba, nipo."

"Bubu anaimba!" kaka akapiga kelele. "Leteni viti!"

"Wewe, funga mdomo," baba mkubwa alimwambia. Alikuwa ameshika kamba ya ndama, mahali nilipokuwa nasimama mimi zamani.

Niliwapa mgongo, nikatazama nguzo ya zizi. Sauti ilitoka imepasuka, nikakohoa, nikaanza upya. Mara ya pili ikapanda vizuri mpaka pale inapokaa. Nyuma yangu mateke yakakoma. Halafu nikasikia maziwa yanabadilika: mwanzo yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo kwa kinyongo, sasa yakawa yanapiga kwa nguvu, mfululizo. "Hee!" mama mkubwa akasema. Baba mkubwa alipenga kamasi, muda mrefu.

"Endelea, endelea," simu ikanong'ona. "Kuna kitu kule shambani. Mweusi! Mweusi amekuja, jamani, ananipita kama mimi si mtu."

Wa madoa hakuja. Niliimba mpaka koo likakauka, mpaka giza likaingia Masakta na Maretadu, na mama wa duka akafunga mlango na paka mmoja ndani. "Kesho tena," alisema. "Mapema, kabla sijafungua duka."

Mwenyewe nilikuwa sijawahi kumpigia mtu simu kwa hiari yangu. Hata mama anajua. Lakini asubuhi saa kumi na mbili nilichukua simu yake pale alipoichaji, nikaenda mlangoni kwa zizi, nikapiga.

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Nipo mlangoni. Imba."

Nilimwomba mama mkubwa ndoo. Nikachuchumaa, nikabana simu kati ya bega na sikio, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe kama alivyokuwa anafanya bibi, nikaimba kwa sauti yote niliyo nayo. Kaka alikuwa juu ya uzio. Sikumwangalia kama anacheka.

Muda ukapita. Povu likapanda kwenye ndoo.

"Mwanangu," sauti ikasema polepole, "juu ya paa la jiko kuna masikio mawili."

Nilitaka kuuliza kama ni yenye madoa, lakini nikiuliza wimbo unakatika. Nikaendelea.

"Anashuka. Amechafuka huyo, hata madoa hayaonekani. Haya, ameingia! Nimefunga mlango, leo hatoki mtu humu."

Sikuacha kuimba. Nilikamua mpaka maziwa yakaisha.