Mdogo Wangu Hakupiga Kelele

Mimi machozi yangu yako karibu, na sioni aibu kusema. Sindano ya cherehani ikinigusa kidole, majirani wote wa kibanda changu karibu na mahakama ya Makadara wanajua. Mdogo wangu, tuliyetoka naye tumbo moja na kulala kitanda kimoja katika nyumba ya kanso, zile za kupanga za baraza la jiji, ni kiumbe kingine kabisa. Tukiwa wadogo alikanyaga msumari tukicheza mchezo wa kati uwanjani. Aliendelea kukwepa mpira mpaka mchezo ukaisha. Alipovua raba nyumbani ndipo tukaona soksi imelowa damu. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi, na mimi niliyeshika karai ndiye niliyelia.

"Angalia mwenzako," mama akaniambia. "Jikaze kisabuni!"

Nilimwonea wivu miaka mingi. Nilidhani kuna kitu anachofanya kimyakimya, kuuma meno au kuhesabu, na kwamba mimi ni mvivu tu wa kukifanya.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilipiga mayowe mpaka mlinzi wa geti akachungulia. Muuguzi alinichapa kofi la paja, akaniuliza kama siku ya kutafuta hiyo mimba nililia hivyo. Lakini hakuniacha hata dakika moja. Mimi nilitoka pale nikikumbuka kofi tu. Kwa hiyo zamu ya mdogo wangu ilipofika, nilimpa busara yangu yote: "Usipige kelele. Hao masista watakuchapa. Nyamaza tu, ukae mpole." Mungu anisamehe, maana mimi bado sijajisamehe.

Tulifika hospitali asubuhi. Sista alimpima, akasema bado, tutembeetembee. Tukatembea, kisha tukakaa kwenye benchi la korido. Alikunywa soda. Alinieleza rangi ya mapazia anayotaka. Kila baada ya muda alinyamaza, akashika ukingo wa benchi, kijasho kikamtoka juu ya mdomo, halafu akaendelea na mapazia yake pale pale alipoachia.

"Unaskia aje?" nilimuuliza.

"Ni kama nimebanwa tu. Si mbaya."

Waliokuja baada yetu wakipiga mayowe walipitishwa moja kwa moja. Mara mbili nilikwenda mlangoni kuulizia, na mara mbili sista alimtazama kwa mbali akasema, "Huyo bado. Mwenye uchungu anajulikana." Nikaamini. Uchungu ninaoujua mimi hauna nafasi ya soda wala mapazia.

Saa nane mchana alisimama kwenda choo, akageuka, akaniambia kwa sauti ile ile ya kawaida, "Dada, nadhani kuna mguu."

Hapo ndipo walipokimbia, wote. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na alikuwa amekwama hivyo kwa muda mrefu mno. Alikuwa mvulana, mzito, na kucha zake zote. Hakupumua hata mara moja.

Kesho yake muuguzi mmoja wa makamo, ambaye hakuwa kwenye zamu siku ile, alikaa nasi kitandani. Alisema mwili una dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu, na ubongo ndio huitengeneza. Ndiyo maana mtu akigongwa barabarani huinuka akatafuta kiatu kwanza, maumivu yakaja baadaye. Mama anapojifungua dawa hiyo huongezeka. Ila hatukugawiwa sawa, alisema, mwingine amepewa kijiko na mwingine sufuria, na mwenye kijiko akiingiwa na hofu, hata hicho hupungua. "Si ushujaa, na wala si uoga. Ni maumbile tu."

Nilitaka kumfukuza. Niliona miaka yetu yote ikipinduka mbele yangu. Mdogo wangu alikuwa amesifiwa tangu utotoni kwa jambo ambalo hakulifanya, na mimi nimegombezwa kwa jambo ambalo nisingeliweza. Na mimi, mwenye kijiko, ndiye niliyemfundisha mwenye sufuria kunyamaza.

Tulipomzika mtoto, mdogo wangu alilia. Alilia siku nne, amelala kwenye sakafu ya mama, na wageni waliokuja kutupa pole walimwambia ajikaze. Aliniambia, "Hii naiskia, dada. Hii yote naiskia." Nikalala sakafuni kando yake.

Sasa ana mimba nyingine, ya miezi minane. Hospitali ni ile ile, hatuna uwezo wa nyingine. Nimemwambia safari hii apige kelele kuanzia getini, atukane watu, ajitupe chini ikibidi.

"Nipige kelele nikiskia nini?" akaniuliza. Hakuwa ananitania.

Jumapili, baada ya kanisa, tulijaribu jikoni kwangu. Nilimwonyesha jinsi ya kushika kiuno, jinsi ya kuvuta pumzi na kuitoa kwa yowe. Alijitahidi, maskini, akafumba macho na kufungua mdomo wote. Ilitoka sauti ya mtu anayemwita muuza mboga aliyeshapita. Akafumbua macho akanitazama, akisubiri nimwambie kama inatosha. Mimi dada yake, ninayejua kila kitu, hata mimi nisingeinuka kitini kwa yowe lile.