Isale Nililolikataa Kabla ya Safari ya Italia

Kabla hujaniuliza: sikuwa nimelewa wala sikuwa nasinzia. Ilikuwa saa tisa alasiri, mchana kweupe, na usukani nilikuwa nimeushika kwa mikono hii miwili. Anayetaka kucheka acheke, mimi nasimulia yaliyonikuta.

Miaka ile ya tisini nilikuwa dereva wa watalii hapa Moshi. Wageni wawili wa Kiitaliano, mtu na mkewe, niliowazungusha mbugani mara tatu, wakatualika mimi na mke wangu Felista. Tiketi watalipa wao, gari dogo watatuazima, tujiendeshe wenyewe kutoka Roma hadi Firenze, tupite na vijijini kwenye mizabibu. Felista alitaka Asizi tu, kwa Mtakatifu Fransisko. Mengine aliniachia mimi. Kila jioni nyumbani kwetu, mtaa wa Soweto hapa hapa Moshi, tulitandaza ramani mezani, nami nikasukuma kiberiti juu yake kujizoeza kukaa upande wa kulia wa barabara, kama wao. Felista alicheka mpaka akatoa machozi. Tulikuwa na furaha, nakuambia.

Wiki moja kabla ya kuondoka nilipanda kijijini kwetu Kibosho, mlimani, kumuaga mama. Njiani ukungu ukashuka, na manyunyu juu yake. Kwenye kona moja, kando ya migomba, nikamwona baba yangu mdogo amesimama, ameshika jani la isale kwa mikono miwili, kanielekezea mimi.

Kwetu Uchagani, aliyekukosea akikuletea isale amekuomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Masale hayo hayo ndiyo tunayopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo. Baba mdogo aling'oa ya kwetu, akayasogeza ndani ya shamba letu, na baba yangu akafa na uchungu huo. Miaka tisa sikuwa nimempa shikamoo. Nikampita.

Kona iliyofuata, yuko pale tena. Niamini. Mzee wa pumu, anayepumzika kila hatua kumi, alinitanguliaje? Na manyunyu yote yale, koti lake kavu kabisa! Nilisimamisha gari kwa hasira. Woga ulikuja baadaye.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Nimechoka kulibeba."

"Nitalipokea nikirudi kutoka Italia," nikamjibu, nikapandisha kioo.

Nyumbani kwa mama nikakuta uani kumejaa watu. Baba mdogo alikuwa amefariki asubuhi.

"Jana alituomba tukuletee isale mjini," mama akaniambia. "Tukamwambia, si anapanda kesho kutuaga? Utampa mwenyewe."

Nikamweleza mama niliyoyaona, naye akanisihi nisisafiri mpaka wazee wakae na jambo lile. Nilikataa. Tiketi zimeshakatwa, viza ina siku zake, nitawaambia nini wageni wangu? Felista sikumwambia lolote, maana nilijua angegoma kwenda.

Roma tulifika salama, Firenze pia. Nikaanza kujicheka. Siku ya kwenda Asizi, Felista akiwa pembeni yangu anasali rozari, tukaingia kwenye vilima, na ukungu ukashuka na manyunyu kama ya Kibosho. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, jani mikononi, amenielekezea. Nikakata usukani.

Felista hakuona mtu yeyote. Alichokiona ni mti.

Asizi aliitazama kwa mbali, kupitia dirisha la hospitali, na tangu siku ile hajasimama kwa miguu yake. Nilimweleza yote pale kitandani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ungelipokea, ungepungukiwa nini?" Ni miaka mingi sasa namwogesha na kumbeba, na bado natafuta jibu la kumpa.

Wazee walichinja, wakasema maneno yao, padre naye akatuombea. Lakini nikishika usukani, hata kwenye jua kali, ukungu unaanza kushuka mbele ya kioo. Udereva niliuacha.

Basi nawe unayenisikiliza, kama kuna ndugu mliyeacha kusalimiana naye, nenda leo. Akikuletea isale lipokee, hata kama moyo bado unachemka. Hasira utaimaliza polepole ukiwa nyumbani kwako, lakini ukilikataa, usidhani ni wewe utakayelipa.