Kamba Kwenye Majani

Mama yangu hamtaji nyoka. Wengine wa kwetu pwani wanaogopa kumtaja usiku tu, kwamba ukimwita kwa jina lake anakuja. Mama hata saa sita mchana, jua linawaka, hamtaji. Kwake yeye nyoka ni kamba. "Kuna kamba imepita uani," atasema, na sisi wanawe tunapanda juu ya viti. Tumekua hivyo. Hata mimi, mtu mzima na watoto wangu, lile neno likinifika mdomoni linakwama.

Mume wangu ni mtu wa Tunduru. Kwao wanamtaja nyoka kama wanavyomtaja kuku. Tangu aje kuniposa mama hakumpenda, na simsingizii, alisema mwenyewe mbele ya shangazi zangu: "Watu wa kuja hawa, kwao hata hukujui." Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita "mwanangu". Alimwita "huyo mwenzio". Akija anamwamkia, "Shikamoo mama," na ile marahaba anarudishiwa huku mama anatazama ukuta. Mimi nilikuwa nakasirika mpaka kichwa kinaniuma, yeye anacheka tu. "Muache, atanizoea," anasema.

Jumamosi hiyo tulikuwa na hitma ya baba. Baba ndiye aliyepanda majani ya uwanjani kwetu Upanga, ukoka wa kutambaa, ule unaofunga ardhi yote usione mchanga. Kiangazi unatulia. Masika ndiyo wazimu wake, na mwaka ule tangu mvua zianze hakuna aliyeugusa. Ulikuwa umepanda na magugu yake mpaka magotini. Watu wangekuja baada ya Alasiri, mikeka itandikwe pale pale, wazee wakae, kina mama wakae na vitoto vyao. Ilikuwa lazima ukatwe.

Mashine ya petroli ya baba ilishakufa, tukaazima ya umeme kwa jirani wa ghorofa la nyuma, na waya wake mrefu mweusi wa kuunganishia. Mume wangu waya ule anauita kamba. "Nipe kamba. Shika kamba. Kamba imejikunja." Mnaona tunakoelekea? Mimi sikuona, wallahi. Masikio yangu yalikuwa kwenye mchele na nyama.

Alianza asubuhi. Namna yake ya kukata ni ya kuzunguka: anaanzia ukutani, anazunguka uwanja wote, kila mzunguko anasogea ndani, mpaka kinabaki kisiwa katikati. Mashine alikuwa ameiinua juu. Alisema majani marefu hayanyolewi kipara siku moja, jua litayababua. Kwanza unapunguza, halafu unarudia chini, mwisho unamalizia kingo kwa mkasi. Mkasi wetu ulikuwa umeota kutu haufunguki, basi nikamwachia mama nyumba, nikaenda Kariakoo kununua mwingine, na mikeka.

Kariakoo Jumamosi mnaijua. "Pisha mzigo! Pisha mzigo!" Mkokoteni unakusukuma huku, mwenye ndoo kichwani anakusukuma kule. Muuza mkasi ananiambia, "Dada, huu unakata mpaka wivu." Nikamwambia basi aujaribu kwenye ulimi wake. Sikuwa na muda wa maneno. Nikalipa, nikapata mikeka, nikapakia kwenye bajaji, nikarudi natokwa jasho.

Nimefika, mama yuko kibarazani na ungo mapajani, anapeta mchele. Mashine inanguruma uwanjani. Mume wangu amenipa mgongo.

"Umechelewa," mama akaniambia. Halafu, kama mtu anayetoa habari za jirani: "Asubuhi imeingia kamba kwenye majani. Nyeusi, nene. Nimeiona kwa macho yangu, na haijatoka."

Nilikuwa nashusha mikeka. Niliiacha ikaanguka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Nimemwambia kuna kamba kwenye majani, aangalie."

"Yeye kasemaje?"

"Kasema, nimeiona mama, usijali, nitaivuta pembeni." Akapeta mchele tena. "Nikasema loh, hawa watu wa porini kweli! Wanawashika kwa mikono."

Nilitazama uwanjani. Pale palipokuwa na majani kutoka ukuta hadi ukuta, kilikuwa kimebaki kisiwa cha ukubwa wa kitanda. Kwingine kote kumeshakatwa, hakuna pa kujificha. Kila kilichokuwemo mle tangu asubuhi kilikuwa kimesukumwa katikati, mzunguko kwa mzunguko, na mume wangu anazidi kukizunguka, kandambili miguuni, anapiga mluzi.

Nikapiga kelele. "Mdudu! Baba watoto, kuna mdudu!" Akageuka, akaona mdomo wangu unacheza, akanyoosha dole gumba. "Wadudu wapo wengi!" akajibu kwa sauti ya juu, akaendelea. Mashine ile ilikuwa inanguruma kupita kiasi. Nikasema moyoni, hapa ni kuizima tu. Soketi iko kibarazani, nyuma ya kiti cha mama. Nikauchomoa waya kwa nguvu zangu zote.

Mashine ikanyamaza, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwa sababu mume wangu, badala ya kunitazama mimi, alitazama mashine. Akabonyeza, haikuwaka. Akaufuata waya kwa macho. Waya ulikuwa umelala juu ya kile kisiwa, umezama kwenye majani, unaonekana hapa, haupo pale.

"Kamba imechomoka," akasema, akainama.

Nilikuwa nimeshafika ukingoni. Niliona kipande cha waya, cheusi. Na shubiri moja pembeni yake niliona kipande kingine cheusi, chenye mng'ao, na hicho kilikuwa kinajikunja taratibu. Mkono wa mume wangu ulikuwa unakwenda huko huko.

Jamani, ulimi wa mtu ni kitu cha ajabu. Nilijua nataka kusema nini. Nikafungua mdomo, likatoka lile nililofundishwa tangu sijaota meno: "Kamba! Kamba! Kamba!"

"Ndiyo," akasema bila kuinua kichwa, "naivuta."

Nyuma yangu nilisikia ungo unaanguka.

"Nyoka!" Sauti ile sikuijua ni ya nani. "Nyoka! Mwanangu, nyoka! Toa mkono, mwanangu!"

Mume wangu aliruka nyuma mpaka akakaa kwa makalio, kandambili moja ikabaki mle mle. Kichwa kikainuka pale pale mkono ulipokuwa unaelekea. Sekunde chache kikasimama, halafu kikashuka, na lote lile refu likapita juu ya ukoka uliokatwa, peupe, likaingia kwenye tundu la mtaro chini ya ukuta. Hakuna aliyelifuata.

Mimi nililia, halafu nikawagombeza wote wawili. "Kamba, kamba! Mtaniua na kamba zenu! Waya unaitwa waya!" Mume wangu alikuwa anatazama kiganja chake, anakigeuza juu na chini. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mama alikuwa amekaa chini kwenye ngazi ya kibaraza, mchele umemwagika kote, ameziba mdomo kwa mkono.

Mume wangu akajikokota mpaka alipo mama, akachuchumaa mbele yake.

"Nimemtaja," mama akasema. "Astaghafirullah. Nimemwita kwa jina lake. Atakuja."

"Na mimi umeniita, mama," akamwambia. "Mara mbili."

Mama akaushika ule mkono wa mume wangu, wa kulia, akaukagua kidole kwa kidole kama anatafuta mwiba.

"Wewe njoo tu," akasema.

Kile kisiwa tulikichapa kwanza kwa mti mrefu, ndipo akakimalizia. Tundu la mtaro tuliliziba kwa matofali. Mikeka ikatandikwa, hitma ikasomwa, ingawa watoto niliwazuia kibarazani. Shangazi yangu mmoja aliuliza nani kaukata ukoka ukapendeza vile, maana kingo zilikuwa zimenyooka, mkasi wa Kariakoo haukuwa wa uongo. "Mwanangu," mama akajibu, akaendelea kugawa kahawa.

Mpaka leo nyoka kwake ni kamba, hilo halibadiliki. Lakini akisikia mashine inatolewa, anavaa viatu, anashuka uwanjani. Anautembeza ule waya nyuma ya mume wangu kwa mikono yake miwili, ameuinua, hauachi uguse majani. Ni mzito kwake. Nikitaka kumpokea ananifukuza.