Shina la Sita

Chekeni tu, hata mke wangu hucheka, lakini mimi nikikumbuka aibu ile ya Mtopanga damu hunichemka, na sijui nimkasirikie nani kwanza, Kahindi, muhogo, au kichwa changu mwenyewe.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha majuzi, nami ni karani wa kilimo, tunajaribu mbegu mpya ya muhogo shambani kwa Bi Sidi, mama wa mchumba wangu (ndiyo, kwa mkwe! sikuwa na akili?). Mashina sita ya mbegu mpya, kila moja limepandwa ubavuni mwa shina la mbegu ya zamani. Tukang'oa, tukapima. Karani mwenzangu Kahindi, aliyekuwa amepiga chapa karatasi fulani ya hesabu za majaribio pale ofisini, akaninong'oneza, "Mashina ni machache, usichukue wastani. Linganisha kila shina na jirani yake, uhesabu lipi limeshinda mara ngapi."

Nikamwambia hiyo ni hesabu ya watoto wa gololi! Nikajumlisha, nikagawanya, jibu likatoka tamu: mpya ratili kumi, zamani saba. Mbio hadi kwa mkwe kumpa habari kabla ya mkutano, nionekane mtu.

Siku ya mkutano wakulima wamejaa, wakwe wamekaa mbele, nami natangaza kwa kifua. Kahindi akainuka. "Karani, tusomee shina kwa shina."

Nikasoma, mpya kwanza, kisha ya zamani. Tano kwa saba. Sita kwa nane. Nne kwa sita. Tano kwa saba. Sita kwa nane (sauti nayo inazidi kushuka). La mwisho, thelathini na nne kwa sita.

"Lo! Hilo limekula nini?" mtu akauliza.

Bi Sidi akajibu kwa fahari, maskini, "Hilo lanywa maji yetu ya kuogea. Yote yaishia shinani pake."

Watu wakaangua kicheko, mmoja akapiga kelele kwamba basi ya zamani ndiyo bora. "Hata hilo siapi," akasema Kahindi. "Rusha sarafu ya thumni mara sita, yaweza kuangukia upande mmoja mara tano. Sita ni chache. Nasema tu kwamba mpya haijashinda." Sasa jamani, hayo hakuweza kuniambia faraghani? (Aliniambia. Najua. Msinikumbushe.)

Bi Sidi hakucheka. "Mkwe wangu, na mbegu yangu ya zamani niliyoing'oa yote nikaichoma Jumamosi, kwa neno lako?"

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Wiki nzima nilizunguka Mtopanga na kaptula yangu ya ofisi, mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani, nikipiga hodi nyumba kwa nyumba kuomba mbegu, na kila mlango waniuliza, "Mpya au ya zamani, karani?" Nikajibu ya zamani, tafadhali, mama, nikameza hasira.

Tangu hapo nikipewa vitu sita nalinganisha kimoja kimoja, nanyamaza, na kabla ya kufungua mdomo mbele ya wakwe nauliza kwanza maji ya kuogea yaenda wapi.