Siku Tuliyokuta Mto Umefungwa

Mwaka 2013 nilikuwa nikiishi Fridley, mji wa Marekani kando ya Mto Mississippi, kwenye jengo la fleti ambalo nusu ya wapangaji wake walikuwa Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi. Mimi ni mtu wa Nakuru, na wakati huo nilikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Golden Valley. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mama mmoja wa Kivu Kusini, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa hajamaliza hata miaka miwili Marekani. Nilikuwa nikimpeleka hospitali na kumtafsiria kwa daktari, naye akinipikia sombe, kisamvu cha kwao, na hivyo ndivyo tulivyozoeana.

Kiswahili chetu hakikufanana sana. Nilichokiita mimi serikali, yeye alikiita Leta, na askari wote kwake walikuwa basoda. Tulielewana hivyo hivyo, na pale tuliposhindwa, mikono ilisaidia.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Oktoba nilikuwa natoka shifti ya usiku, nikasikia kwenye redio ya gari kwamba serikali ya Washington imefungwa. Wanasiasa walikuwa wameshindwa kukubaliana juu ya bajeti. Nilipofika nilimkuta jirani yangu kwenye ukumbi wa ghorofa yetu, nikampa habari ile kama mtu anavyotaja mvua. Kisha nikaingia ndani nikalala.

Nilipoamka mchana nikagonga kwake kumsalimia. Sufuria zote za nyumba zilikuwa sakafuni zimejazwa maji, na ndoo pia, na beseni la kufulia. Begi lilikuwa mlangoni. Watoto walikuwa wameketi kwenye kochi na makoti yao ya baridi, hawakwenda shule.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Leta ikifungwa, basoda wanaenda wapi?"

Ilinichukua muda kuelewa swali. Huko alikotoka, Leta ilikuwa imefungwa mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili milio ya bunduki ilifuata kabla jua halijazama. Alikuwa amefanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya.

Nilimweleza nilivyoweza, lakini maneno yangu hayakumsaidia. Kilichomsaidia kilikuwa dirisha. Tulikaa pale tukitazama barabara. Gari la posta likaja, mtu akashuka, akatia barua kwenye visanduku, akaondoka. Lori la takataka likapita. Jioni ilipokaribia basi la shule la manjano likasimama mbele ya jengo, na watoto wa majirani wakashuka wakisukumana kama kawaida. Jirani yangu alilifuata basi lile kwa macho mpaka lilipokata kona.

"Hii ni nchi gani," akasema, "Leta imefungwa na basi la shule linakuja?"

Kuanzia siku hiyo akawa na kiu ya kujua. Kila nilipomwona aliniuliza leo nini kimefungwa, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Alitaka kujua polisi ni wa nani, shule ni ya nani, taa za barabarani ni za nani. Nilimwambia hapa serikali zimepangwa kama ghorofa: kuna mji, juu yake kaunti, juu yake jimbo, na juu kabisa Washington, na iliyofungwa ni ile ya juu tu. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote ya kulipa kodi, sikuwa nimewahi kujiuliza ipi inashika nini. Maswali yake yalinifanya nianze kuuliza kazini, na wazee wetu, waliokuwa wakishinda mbele ya televisheni, walifurahi kupata mwanafunzi.

Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa abatizwe. Kanisa lake lilikuwa la Wakongo wenzake, waliosali mchana katika ukumbi wa kanisa la Wamarekani huko Blaine. Wenye ukumbi walibatiza kwa kunyunyiza maji kichwani, kwa hiyo hapakuwa na kisima cha kubatizia ndani. Mchungaji wa Wakongo, mwanamume mpole aliyefanya kazi kiwandani siku za wiki, alikuwa na desturi ya kuwapeleka watu wake Mto St. Croix, mwendo wa kama saa moja kutoka kwetu. Mississippi ilikuwa karibu zaidi, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, lakini alisema kule kwetu maji yana nguvu na chini hakuonekani, ilhali St. Croix kuna mahali penye mchanga ambapo mtu anaingia taratibu.

Kwa kuwa baridi ilikuwa imeanza, mchungaji alimshauri jirani yangu akubali bwawa la kuogelea la jengo alimoishi muumini mmoja, lenye maji ya moto. Alikataa. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu mimi ni Mwanglikana, nilibatizwa nikiwa mchanga kwa maji ya kikombe, wala sina ninachokumbuka. Akanieleza kwamba siku waliyokimbia kijijini kwao alivuka mto na mtoto mgongoni, maji yakamfika kifuani, na tangu siku hiyo hajawahi kuingia mtoni.

"Ule mto niliuingia nikikimbia," akasema. "Huu nataka niuingie nikitembea."

Basi bwawa halikutajwa tena. Mtu mmoja wa kwaya alisema amesikia hifadhi za taifa zimefungwa, lakini mchungaji akajibu kwamba yeye hawapeleki kwenye hifadhi, anawapeleka mtoni. Hata mimi nilimwona ana haki. Kwetu Kenya hifadhi ya taifa ina lango, ina tiketi, na ndani kuna simba. Mto wenye mchanga na wavuvi wa Jumamosi sikuwahi kuuhesabu kuwa hifadhi.

Jirani yangu hakuwa na gari bado, kwa hiyo nilimchukua mimi. Tulikuwa magari matatu. Miti ilikuwa imegeuka rangi, myekundu na ya dhahabu, na yeye akaniuliza kama inaugua. Nikamwambia hapana, inajiandaa kulala.

Tulipofika kwenye barabara ndogo inayoshuka mtoni tulikuta mnyororo umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Katikati yake lilining'inia tangazo lililotiwa ndani ya plastiki. Nililisoma kwa sauti kisha nikalitafsiri: kwa sababu ya kufungwa kwa serikali, eneo hili limefungwa. Watu walishuka kwenye magari wakasimama mbele ya mnyororo. Kutoka pale tuliuona mto vizuri kabisa, ukipita nyuma ya miti, unang'aa, hauna habari na mtu.

"Wamefungaje mto?" akauliza jirani yangu. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anatazama huku na huku kama anayetafuta mlango wake.

Kijana mmoja wa kwaya akapendekeza tupite porini, ni hatua chache tu, tutabatiza na kuondoka kabla mtu hajajua. Wengine wakaanza kukubaliana naye. Mchungaji alikuwa bado anafikiri, ndipo jirani yangu akakataa.

"Mimi nimepita porini mipaka mitatu," akasema. "Kwa Mungu siendi kwa njia ya panya."

Tulikuwa tumeanza kurudi kwenye magari wakati pikapu ilipotokea barabarani ikasimama nyuma yetu. Alishuka mama wa makamo mwenye sare na kofia ya ukingo mpana, mlinzi wa hifadhi. Nilihisi watu wakisogeleana. Jirani yangu aliushika mkono wangu na kuninong'oneza, "Si umesema Leta imefungwa, huyu mwenye sare ametoka wapi?" Nikamwambia wale wanaolinda usalama wa watu hawafungwi.

Nilikwenda kumweleza mlinzi tulichokuja kufanya. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mashuka meupe yaliyokuwa mikononi mwa akina mama, akaonekana kama mtu aliyepewa mzigo asioutaka. Alisema anasikitika, lakini pale hawezi kuturuhusu. Nilimuuliza swali la jirani yangu kama lilivyo: mto unafungwaje?

"Maji hayajafungwa," akasema. "Kilichofungwa ni hapa uliposimama."

Nikamtafsiria jirani yangu, naye akatazama miguu yake. Kisha akaniambia nimuulize zaidi, na mimi sikuhitaji kusukumwa. Tulisimama mbele ya mlinzi, mimi na jirani yangu, tukiuliza kama wanafunzi. Ikiwa mtu ameingia majini mahali pengine huko juu, akaja na mtumbwi mpaka hapa? Apite tu, akasema. Na akichoka akataka kupumzika kwenye mchanga ule? Hapo hapana, mchanga ni wetu na umefungwa. Na akisimama ndani ya maji, yamfike magotini? Mlinzi akacheka kidogo na kukiri kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa. Nilitazama kule mpakani ambapo mawimbi madogo yalikuwa yakipanda mchanga na kurudi, nikawaza kwamba mstari wenyewe wa kufunga na kufungua ulikuwa unatembea.

Ndipo akatueleza kilichonishangaza zaidi. Kingo za mto ule hazikuwa na mwenye mmoja. Hapa ni pa Washington, mbele kidogo ni pa jimbo, mbele zaidi pa mji mdogo, na kwingine pa watu binafsi. Aliponiuliza tunatoka wapi nikamwambia Fridley, akasema basi hata Mississippi yenu, pale inapopita mjini, imo katika hifadhi ya taifa, ila karibu ardhi yote ya kando ni ya miji na kaunti, ndiyo maana hamkuona mnyororo. Nilikuwa nimeishi kando ya hifadhi ya taifa miaka sita nikidhani naishi kando ya barabara kuu.

Alituchorea kwa kidole njia ya kwenda mji mdogo ulioko mbele, kule mto unakoteremkia, wenye gati lake la kushushia mashua. Gati ni mali ya mji, akasema, na mji haujafungwa. Kisha akainua kofia kidogo kwa jirani yangu na kumtakia heri. Jirani yangu akamshukuru kwa Kifaransa, "merci", kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimemtoroka.

Gati tulilikuta kama alivyosema, mteremko wa zege unaoingia majini na ufuko mdogo wa mawe na mchanga pembeni yake. Mzee mmoja wa Kimarekani alikuwa ameketi kwenye mashua yake karibu, anavua. Mchungaji alimsalimia na kumwomba radhi kwamba tutasumbua samaki wake. Mzee akasema samaki walikuwa hawamjali tangu asubuhi, tuendelee.

Mchungaji alivaa suruali ndefu ya mpira ya wavuvi, na juu yake kanzu nyeupe. Wa kubatizwa hawakuwa na mpira. Waliingia kwanza vijana watatu waliokuwa wabatizwe pamoja na jirani yangu, na kila mmoja alitoka akitetemeka na kucheka, akatupwa ndani ya blanketi. Akina mama waliimba. Jirani yangu alikuwa wa mwisho.

Aliingia polepole mno. Maji yalipomfika magotini alisimama. Wimbo uliendelea, ukaisha, ukaanza tena. Mchungaji alikuwa mbele yake amenyoosha mkono, hakumwita wala hakumharakisha. Mimi nilikuwa ukingoni na taulo, nikauona mgongo wake ukipanda na kushuka kwa pumzi. Mzee wa mashua aliacha kuvuta ndoano akaiweka chini. Halafu jirani yangu akapiga hatua, na nyingine, mpaka maji yakamfika kifuani, akaushika mkono wa mchungaji. Mchungaji akasema maneno yake, akamlaza nyuma, na kwa kitambo hatukumwona, ila kanzu nyeupe aliyoivaa ikielea. Alipoinuliwa hakupiga kelele kama wale vijana. Alijipangusa uso kwa viganja, akageuka, akatembea kurudi ukingoni kwa mwendo ule ule alioingia nao.

Tulikula pale pale kwenye maegesho, wali na maharage na kuku, milango ya magari ikiwa wazi na hita zikiwaka. Mtu alimpelekea sahani yule mzee. Alikula akiwa amesimama, akaulizia kiungo kilichomo ndani ya maharage. Jirani yangu naye, kupitia kwangu, akamuuliza samaki wa mto ni wa Leta gani. Mzee akasema kibali cha kuvua hutolewa na jimbo, na hapa ni mpakani, kwa hiyo majimbo mawili yanahusika. Jirani yangu akatingisha kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika kwamba jambo ni gumu kama alivyolidhania.

Wakati wa kurudi nilimuuliza, kwa sababu nilitaka kweli kujua, alichokiwaza alipokuwa chini ya maji.

"Baridi," akasema. Kisha akaongeza kwamba alitaka kuniambia kitu kizuri zaidi, lakini ilikuwa baridi tu.

Tulipopita juu ya daraja la mto ule akaniomba nipunguze mwendo. Akauliza maji yale yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakutana na Mississippi huko chini, kisha yanashuka kusini mpaka baharini. Akauliza yatapita kwa Leta ngapi mpaka yafike. Nikaanza kuyataja majimbo kwa vidole nikiwa nimeshika usukani, Wisconsin, Iowa, Illinois, Missouri, nikafika Tennessee nikababaika, sikuwa na hakika kama ni kabla au baada ya Arkansas. Nilipomgeukia kumwambia nitamuuliza mtu kazini, alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea kioo, taulo limemteremkia mabegani.